Tovuti kumi, chanzo kimoja: kuhakiki maisha ya msanii kabla ya kuyaandika

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka New Orleans, maisha yake yote alisema amezaliwa tarehe 4 Julai 1900. Magazeti yakaandika hivyo, vitabu vikaandika hivyo, na alipofariki mwaka 1971 taazia nazo zikairudia tarehe hiyohiyo. Miaka ya 1980 mtafiti mmoja akafungua rejista ya ubatizo ya kanisa moja la Kikatoliki mjini humo, akakuta mtoto huyo kaandikwa kuwa kazaliwa tarehe 4 Agosti 1901 na kubatizwa tarehe 25 ya mwezi uleule. Leo kamusi elezo nyingi zinaifuata rejista.

Kama hoja ingekuwa kuhesabu maandishi, Julai ingeshinda kwa mbali. Lakini maandishi yote yale yalikuwa na asili moja, yaani maneno ya Armstrong mwenyewe. Naye, kama sisi sote, siku ya kuzaliwa kwake aliambiwa tu. Rejista iliandikwa majuma matatu baada ya kuzaliwa, wakati waliokuwepo bado wanakumbuka.

Sisi wa maktaba tunawaomba wanaohariri makala za wasanii kwenye Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, washike jambo hili kabla ya jingine lolote: ukipata tarehe, usikimbilie kutafuta tovuti nyingine zinazoirudia. Tafuta ilikoanzia. Tovuti kumi zilizonakiliana ni chanzo kimoja.

Kunakiliana huko kunaweza hata kuigeukia kamusi elezo yenyewe. Machi 2009 alifariki mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre wa Ufaransa. Saa chache baadaye mwanafunzi mmoja wa Dublin alipachika kwenye ukurasa wa Wikipedia unaomhusu Jarre maneno mazuri ya kugusa moyo, kana kwamba Jarre aliwahi kuyasema. Aliyatunga yeye, akitaka kuona kama waandishi wa habari wanahakiki. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa kwa sababu hayakuwa na chanzo, lakini magazeti ya nchi kadhaa yalikuwa yameshayachota na kuyaweka kwenye taazia. Majuma kadhaa yalipita bila mtu kugundua, hadi mwanafunzi mwenyewe alipowaandikia wahariri wa magazeti hayo. Sasa fikiria mhariri mwenye nia njema angeyarudisha maneno yale Wikipedia na kuweka gazeti kuwa marejeo. Uongo ungekuwa umepata tanbihi, na msomaji asingekuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Kinga yake ipo, nayo haihitaji utaalamu. Fungua historia ya ukurasa, yaani orodha ya mabadiliko yake yote, tafuta siku dai lilipoingia kwa mara ya kwanza, kisha linganisha na tarehe ya gazeti linalotajwa. Dai likiwa limeingia kwenye ukurasa kabla ya gazeti kuchapishwa, gazeti hilo usilitegemee mpaka upate ushahidi wa zamani zaidi. Dakika tano zinatosha, na ni wachache mno wanaozitumia.

Si kila tofauti ni kosa. Mchoraji Wassily Kandinsky utamkuta kazaliwa tarehe 4 Desemba 1866 na pia tarehe 16 Desemba 1866. Zote ni sahihi: Urusi wakati huo ilifuata kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma ya kalenda tunayotumia leo kwa siku 12. Kwa mtunzi wa muziki Beethoven, kilichoandikwa ni ubatizo wa tarehe 17 Desemba 1770. Kuuita siku ya kuzaliwa ni kuongeza jambo ambalo karatasi haisemi.

Mahali nako kunadanganya. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Anayeandika kwamba alizaliwa Tanzania anataja nchi ambayo haikuwepo hadi 1964. Mwaka 1946 Zanzibar ilikuwa usultani chini ya ulinzi wa Uingereza. Andika jina la mahali kama palivyokuwa siku ile, kisha eleza palipo leo.

Na pale ambapo hakuna karatasi? Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, hilo halina ubishi. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani kwa uhakika. Wengi hukadiria 1910 hivi. Basi andika kwamba ni makadirio. Kuna mvuto mkubwa wa kujaza kisanduku cha tarehe kwa namba kamili ili ukurasa upendeze, na mvuto huo umeharibu wasifu mwingi wa wasanii wa kale.

Msanii aliye hai anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ndoa, ugonjwa, madeni na watoto vina watu halisi nyuma yake, na uvumi ukishawekwa kwenye kamusi elezo unamfuata kila anakokwenda. Hata cheti cha kuzaliwa ulichokifukua mwenyewe si ruhusa: Wikipedia inawazuia wahariri kutumia hati za aina hiyo kuthibitisha madai kuhusu mtu aliye hai. Tarehe kamili iandikwe tu kama imeshachapishwa sana na vyanzo vya kuaminika, au kama msanii mwenyewe ameitangaza. Dai zito lisilo na chanzo liondoe mara moja, usisubiri mjadala.

Msanii au jamaa yake akiona kosa, asiubadilishe ukurasa kimyakimya. Aandike kwenye ukurasa wa majadiliano na aonyeshe kitu kilichochapishwa. Taarifa kwenye tovuti rasmi ya msanii hukubalika kwa mambo ya kawaida kama mwaka wa kuzaliwa, mradi hakuna sababu ya kuitilia shaka. Vyanzo viwili vizuri vikipingana, weka tarehe zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi.