Wati nyingi si sauti kubwa

Ukiingia duka la vyombo vya muziki katikati ya Kampala kuulizia spika kubwa za rafuni, mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye wati. Imani ni ya zamani: spika ya wati 200 hulia mara mbili ya ile ya wati 100. Sivyo.

Namba ile ya nyuma ya spika haisemi itatoa sauti kiasi gani. Inasema itastahimili nguvu kiasi gani kutoka kwenye amplifaya kabla ya kuungua. (Yale maandishi ya wati 3000 kwenye redio ndogo ya plastiki tuyaache kabisa.)

Sikio nalo lina hesabu zake. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Utaisikia tofauti, lakini haitakushtua. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Kwa hiyo tafuta namba nyingine kwenye karatasi ya maelezo: desibeli kwa wati 1, umbali wa mita 1, yaani spika hutoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 na kupimwa mita 1 mbele yake. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 25 hulingana na ya desibeli 84 iliyopewa wati 100.

Ukubwa wa kasha husaidia besi. Ila kwenye sebule ndogo ya Ntinda, mtaa wa Kampala, usilibane ukutani: besi huvimba na kumeza sauti ya mwimbaji. Mimi ningelivuta mbele sentimita 30 hivi, kisha nisikilize tena.