Uvimbe wa taya kwa mbwa: kuambiwa "siyo kansa" hakumaanishi tutakata kidogo

Majibu ya maabara yakitoka na nikasema siyo kansa, swali linalofuata huwa lilelile: dokta, si unachonga tu hicho kinundu yanaisha? Inategemea kinundu gani bwana.

Osteoma kwa mfano, huo ni mfupa mtupu, mgumu, unakua polepole, ukipiga eksirei unauona mweupe na mipaka yake iko wazi. Kama haumzuii mbwa kula wala haubani jicho, naweza hata kuuacha tuwe tunauangalia, na nikiamua kuutoa mara nyingi kuuchonga usawa wa mfupa kunatosha.

Sasa njoo kwenye ameloblastoma, yaani hii ndo inayogombanisha watu. Inaanzia kwenye tishu za meno, mara nyingi pale mbele taya la chini, unaona fizi imevimba, jino linacheza, mtu anadhani ni ugonjwa wa fizi tu na anapewa antibayotiki wiki hadi wiki. Haisambai kwenda kwenye mapafu, ndo maana tunasema siyo kansa, lakini mfupa inaula kwelikweli, kwa hiyo ukikata nyama ya juu ukaacha mfupa itarudi tu. Hapo tunaondoa kipande cha taya na meno yake, pamoja na kama sentimita 1 ya mfupa usioguswa na ugonjwa kuzunguka uvimbe, na ukifanya hivyo wengi wanapona moja kwa moja.

Kabla ya kushika msumeno nataka siti skani (CT, inayopiga picha za ndani tabaka kwa tabaka) kama inapatikana, maana mifupa ya uso imepandana na eksirei inaficha mengi. Taya la juu ndo lina presha zaidi, kuna mshipa mkubwa wa damu unapita humo ndani, na ukishafungua tundu la pua lazima uvute nyama ya mdomo ya kutosha kuziba bila kukaza nyuzi, la sivyo zinaachia na chakula kinatokea puani.

Na maabara nayo usiiamini kipofu. Golden retriever ana uvimbe taya la juu, unakua haraka, halafu karatasi inasema hauna shida? Hapana. Kuna fibrosakoma, hiyo ni kansa kabisa, ambayo kwenye darubini inaonekana pole huku mdomoni inatafuna mfupa, kwa hiyo nachukua kipande kingine cha ndani zaidi na kuongea na mpatholojia mwenyewe, yule anayesoma vipande maabara, namtumia na picha.

Baada ya opereshini wengi wanaanza kula chakula laini ndani ya siku moja au mbili, kola ya kumzuia asikwaruze kidonda shingoni, mifupa na midoli ya kutafuna marufuku mpaka kidonda kifunge. Ulimi unaweza kuning'inia na mate kutoka, hiyo kawaida. Ila tukiwa tumetoa upande mmoja wa taya la chini, mchungulie mdomoni mara kwa mara, upande uliobaki huwa unahama na jino la chonge linaanza kuchoma kaakaa, ukiona hivyo mlete tulifupishe hilo jino.