Kabla ya Kununua Betri Mpya: Umeme wa Kuwashia Magari ya Zamani

Kuanzia mwezi wa Juni, baridi ya asubuhi inapoingia Lubumbashi, wenye Peugeot 404, Land Rover na Mercedes walizoachiwa na wazazi wao hutuletea lalamiko lilelile: ufunguo unazungushwa, gari linagoma. Baridi huyafanya mafuta ya injini kuwa mazito na wakati huohuo huipunguzia betri nguvu, hivyo kasoro iliyojificha miezi ya joto hujitokeza. Wengi hukimbilia kununua betri. Kwetu sisi tunaofundisha umeme wa magari, kosa hilo linatuuma sana, kwa sababu familia hutoa fedha nyingi na ugonjwa unabaki palepale.

Demareri, yaani mota ya kuwashia injini ambayo wenzetu wa Afrika Mashariki huiita stata, hula umeme kuliko kifaa kingine chochote ndani ya gari. Katika gari dogo la petroli huvuta takriban ampea 100 hadi 200. Umeme huo hutoka kwenye betri, hupita katika waya mnene na solenoidi (swichi ya sumaku inayoufungulia umeme njia), huzungusha mota, kisha ni lazima urudi kwenye betri kupitia chuma cha injini, mkanda wa masi (waya wa shaba unaounganisha chuma cha gari na betri) na shasi. Njia ya kurudi ni sehemu ya safari ileile, lakini ndiyo inayosahauliwa na wengi. Kiungo chenye kutu kikileta ukinzani wa ohmu 0.01 tu, ampea 150 zikipita hapo hupotea volti 1.5. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka vizuri na redio ikaimba, kwani hizo zinahitaji ampea chache, huku demareri ikishindwa kuzunguka.

Nakumbuka 404 moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, iliyokuwa ikisukumwa na vijana wa mtaa kila asubuhi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha betri mara mbili. Tulipofungua kapo (boneti), betri ilionyesha volti 12.6, maana yake imejaa. Tukaweka ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, gia ikiwa huru, kisha mwanafunzi akazungusha ufunguo. Kipimo ambacho hakipaswi kuzidi nusu volti kilipanda hadi 3. Mkanda wa masi ulionekana mzima kwa nje, lakini tulipoukunja nyuzi zake zilikatikia mkononi, zimejaa unga wa kijani. Katika mji huu unaoishi kwa shaba, gari zima lilikuwa limekwamishwa na kipande cha shaba kifupi kuliko mkono. Tulifunga mkanda mpya, tukapiga msasa chuma mpaka king'ae, na injini ikawaka.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, sikiliza. Mlio wa haraka wa tik-tik-tik mara nyingi huashiria betri dhaifu au vibanio vilivyolegea. Betri iliyotulia ikionyesha volti 12.0 tu, ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe. Mlio mmoja mzito kisha kimya huelekeza kwenye solenoidi, demareri yenyewe au nyaya nene. Kukiwa kimya kabisa, chunguza swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaoamuru solenoidi. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati demareri inazunguka, imechoka au inavutwa kupita kiasi.

Lijue pia gari lako, maana vipimo hivi ni vya mfumo wa volti 12. Volkswagen Coccinelle (Beetle) nyingi za kabla ya mwaka 1967 hutumia volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yamefungwa masi upande wa chanya. Ukiyafungia betri kwa mazoea, utaharibu vifaa.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Usivute sigara karibu nayo, vua pete na saa ya chuma, na unapofungua vibanio anza na kile cha masi, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. Unapoazima umeme wa gari lingine lenye volti zilezile na masi ya upande uleule, kibanio cha mwisho kifungwe kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Ule ukungu mweupe wa vichwani uoshe kwa maji ya moto yenye bikaboneti, ukivaa glavu na miwani.

Injini ikishawaka, pima betri tena. Kwenye gari lenye alternata, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, volti 13.8 hadi 14.4 zinaonyesha kuwa inachaji. Ikibaki 12.4 na kuzidi kushuka, betri haipokei chaji, na uchunguzi uhamie kwenye alternata, kidhibiti chake na mkanda unaoizungusha.