Mionzi ya Ndani: Sumaku Haiharibu Dozi, Kuchelewa Ndiko Kunakoharibu

Mionzi ya ndani ni nini?
Ni tiba ambayo chanzo kidogo cha mionzi, aghalabu iridiamu 192 au kobalti 60, hupitishwa katika mirija hadi kwenye uvimbe, kikakaa hapo kwa dakika kadhaa, kisha kikarudishwa ndani ya mashine yake. Mgonjwa habaki na mionzi mwilini. Jioni hiyo hiyo anaweza kumpakata mtoto wake.

Je, ni kweli kwamba sumaku ya kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, huharibu dozi ya mionzi?
Uga wa sumaku hauipindi miale ya gama, yaani mionzi itokayo kwenye chanzo hicho, kwa kuwa haina chaji ya umeme. Hupinda elektroni, chembe ndogo zenye chaji, ambazo miale hiyo huzitimua ndani ya mwili. Kwa iridiamu, elektroni hizo husafiri mwendo mfupi sana katika nyama, hivyo hata kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 dozi hubadilika kidogo mno. Kwa kobalti, ambayo nishati yake ni kubwa zaidi, na hasa palipo na hewa, athari huongezeka, na wataalamu wa fizikia ndio wanaoikokotoa. Isitoshe, kwa kawaida picha hupigwa kwanza, na mionzi hutolewa baadaye, mbali na sumaku hiyo.

Na vikuku vya sumaku vya kuondoa mionzi?
Haviondoi kitu, kwa sababu hakuna cha kuondolewa. Tafadhali, fedha hiyo iwe nauli.

Nina saratani ya mlango wa kizazi, na damu imekoma baada ya mionzi ya nje, ile inayopigwa kutoka nje ya mwili. Kwa nini nirudi hospitalini Mulago, Kampala, kwa mionzi ya ndani?
Kwa sababu hujapona. Damu kukoma huonyesha kwamba uvimbe umenywea, nao ukinywea ndipo mirija inapoweza kuufikia vizuri. Mionzi ya nje pekee haitoshi kuumaliza bila kuumiza kibofu na utumbo. Narudia, kwa kuwa kila mara tunawapokea akina mama waliotoweka wakati huo, wakarejea miezi baadaye miguu imevimba na mkojo umeziba: hujapona.

Siwezi kungoja mavuno yaishe?
Hapana. Tiba yote, ya nje na ya ndani, inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza.

Na nikikosa nauli ya kutoka Arua?
Mwambie muuguzi kabla hujaondoka wodini, mama, wala usione haya.