Prosesa hununua kwa kibaba, SSD huuza kwa gunia

Mwaka jana niliitwa na kampuni moja inayokusanya vipimo vya joto kutoka kwenye maghala ya baridi ya samaki. Malalamiko yao yalikuwa kwamba SSD, yaani diski za chipu za kuhifadhia data, zinakufa kabla mwaka haujaisha, na fundi aliyewauzia anaapa si feki. Nikaipigia hesabu programu yao: vipimo 200 kila sekunde, kila kimoja baiti 64. Hiyo ni gigabaiti 1 na kidogo kwa siku. Nikaiuliza diski imepokea kiasi gani, ikajibu zaidi ya gigabaiti 70 kwa siku.

Hakuna aliyedanganya: programu ilihesabu kwa kibaba, diski ikahesabu kwa gunia.

Prosesa nyingi za Intel na AMD huchota kumbukumbu kwa vipande vya baiti 64, laini moja ya kache, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Hata ukiomba baiti moja, zinakuja 64. SSD haina habari na kipimo hicho. Mlangoni hupokea maombi kwa bloku za baiti 512 au 4096, na ndani kabisa chipu za NAND, ambamo data hulala, huandika kwa kurasa ambazo siku hizi mara nyingi ni kilobaiti 16. Kufuta ndiyo balaa zaidi: hufuti ukurasa mmoja, unafuta mamia kwa mpigo. Kutoka laini ya kache hadi ukurasa wa NAND ni mara 256. Mpishi anataka kibaba cha mchele, bohari haifungui mlango kwa chini ya gunia.

Mtu atauliza, kwa nini SSD isipunguze kipimo chake? Kwa sababu ya daftari. Data ndani ya SSD huhamahama, kwa hiyo diski huweka jedwali la kujua kila kipande kimelala wapi. Kwa kawaida hutumia baiti kama 4 kwa kila kilobaiti 4, na ndiyo maana diski nyingi za terabaiti 1 hubeba gigabaiti 1 hivi ya RAM yake yenyewe, kumbukumbu ya kasi inayosahau kila kitu umeme ukikatika. Ukitaka ifuatilie vipande vya baiti 64, jedwali hilohilo linadai gigabaiti 64 za RAM. Diski hiyo nani atainunua?

Basi lazima awepo mangi, mwenye duka, katikati: anunue gunia, auze kibaba. Kwenye kompyuta ya kawaida mangi ni mfumo endeshi. Linux ikisoma baiti 64 huleta kilobaiti 4 nzima na kuiweka kwenye RAM, ikitumaini utarudi kuomba jirani yake. Ukisoma kwa mfululizo, tumaini linalipa. Ukirukaruka, sehemu 63 kati ya 64 zimesafirishwa bure. Kusoma kuna hasara, lakini diski haiumii sana.

Kuandika ndiko kunakoua. Wale jamaa wa maghala walikuwa waangalifu kupita kiasi: baada ya kila kipimo programu iliita fsync, yaani “usinijibu mpaka iwe salama kwenye diski”. Bloku ileile ya baiti 4096 ikawa inaandikwa upya mara 64 kabla haijajaa, ndizo zile gigabaiti 70. Na NAND haiandikwi juu ya maandishi. Kila nakala inakwenda mahali papya, ya zamani inabaki takataka ya kuzolewa baadaye. Mbaya zaidi, SSD zao za bei nafuu hazikuwa na kapasita za kushikilia umeme. Diski ya namna hiyo ikitii fsync kwa uaminifu haiwezi kusubiri ukurasa ujae. Inalazimika kuuandika hata ukiwa na robo tu. Kwa kurasa za kilobaiti 16, ndani ya NAND hiyo inakaribia gigabaiti 283 kwa siku, kwa data ya gigabaiti 1!

Tiba ni ile ya wahenga, haba na haba hujaza kibaba. Tukakusanya vipimo 64 kwenye RAM, tukaandika bloku moja kamili, fsync moja. Kwa kasi yao ni kama theluthi ya sekunde. Umeme ukikatika, na kwao unakatika, wanapoteza theluthi hiyo ya vipimo vya joto. Meneja alicheka akasema samaki hawatajua.

Wiki mbili baadaye kijana wa upande wa malipo akataka atumie msimbo uleule. Nikamkatalia. Theluthi ya sekunde ya pesa za watu si theluthi ya sekunde ya joto la friza. Kwake tulinunua SSD yenye kapasita: inapokea kipande kidogo, inakiweka kwenye RAM yake, inajibu “tayari” bila kusema uongo, na umeme ukikatika kapasita zinaipa muda wa kukimwaga kwenye NAND.

Wengine wamejaribu kujenga mangi huyu kwenye vifaa. Kumbukumbu ya Optane ya Intel, iliyochomekwa pembeni ya RAM, ilipokea baiti 64 lakini ndani ilifanya kazi kwa baiti 256, na ilikuwa na bafa, mahali padogo pa kusubiria data, ya kuunganisha maandishi jirani. Niliipenda. Intel ikatangaza kuiacha mwaka 2022. Mwaka huohuo Samsung ikaonyesha SSD ya CXL, njia ya kuunganisha vifaa na prosesa kama kumbukumbu, ambayo prosesa huisoma kwa baiti 64 kana kwamba ni RAM, huku RAM iliyo ndani ya diski ikikabiliana na NAND.

Mimi siishangilii kama wanavyoishangilia wauzaji. Gunia bado lipo, mangi amehamia tu ndani ya bohari. Kipande kikiwa kwenye RAM ya diski, unakipata haraka. Kikikosekana, prosesa iliyozoea kusubiri RAM nanosekunde 100 hivi inasubiri makumi ya mikrosekunde, na safari hii haijui kwamba imekwenda diski: imetoa amri ya kawaida ya kusoma kumbukumbu, kwa hiyo mfumo endeshi haupati nafasi ya kuipa kazi nyingine. Inakaa tu hapo, imeshika kibaba mkononi.