Je, wajua? Nchi inayotaka kubadili mipaka si lazima iwe ya vita

Watu wengi wakisikia nchi fulani haikubali mpangilio wa dunia ulivyo, yaani zile wasomi wanaziita za kirivisionisti, wanawaza vifaru moja kwa moja. Hapana jamani. Angalia Ujerumani ya miaka ya 1920, waziri wa mambo ya nje Gustav Stresemann alikuwa anataka kabisa mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza na kuipokonya Ujerumani ardhi, urekebishwe, mwaka 1925 kwenye mkutano wa Locarno, Uswisi, akaukubali mpaka na Ufaransa ila ule wa Poland akagoma kuudhamini maana alitaka ardhi irudi siku moja, halafu 1926 huyohuyo akapewa Nobel ya amani pamoja na Briand wa Ufaransa.

Cha kupima ni nchi inataka kiasi gani na iko tayari kuhatarisha nini. Msomi wa siasa za kimataifa Randall Schweller mwaka 1994 alizigawa nchi kwa majina ya wanyama na mimi naona aliwaza vizuri sana. Simba na kondoo tuwaache, hao ni nchi zilizoridhika na dunia ilivyo. Mbweha ndo anavutia. Ana njaa kweli, lakini ana pango lake na hataki kulipoteza, kwa hiyo mnyama mkubwa hamvamii, anamfuata anayeua, anakaa pembeni, mzoga ukishaanguka ndo anasogea. Mbwa mwitu yeye anachokitamani kinamuuma kuliko alichonacho, atacheza kamari na vyote. Italia ya Mussolini ilikuwa mbweha hasa: ilikaa nje ya Vita Kuu ya Pili tangu Septemba 1939, ikaja kuingia tarehe 10 Juni 1940, Ufaransa ishalemewa, siku 4 tu kabla Wajerumani hawajaingia Paris.

Na kuna nchi ina dai moja tu, kama Somalia iliyotaka maeneo ya jirani wanakoishi Wasomali. Ilikataa azimio la OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) la Cairo mwaka 1964 la kuheshimu mipaka ya kikoloni, ikapigania Ogaden, eneo la Ethiopia, 1977, ila OAU yenyewe haikutoka.

Ugumu ni kwamba nia haionekani mapema. Septemba 1938 Hitler alisema Sudetenland, eneo la mpakani la Chekoslovakia, ndo dai lake la mwisho la ardhi Ulaya, na wengi walimpanga kwenye fungu la madai yenye kikomo kwa sababu kule waliishi Wajerumani. Machi 1939 jeshi lake likaingia Prague, mji wa Wacheki.