Shule ya Nyaka: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Ukitaja Kanungu, wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda, hapa Kampala, wengi hukumbuka moto wa Machi 2000 ulioteketeza waumini wa dhehebu la Kibwetere kanisani mwao, basi. Shule ya Nyaka, shule ya yatima wa UKIMWI iliyo katika wilaya hiyohiyo, wachache wanaijua, na hata hao huijua nusunusu. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Ni shule ya wazungu."

Aliyeianzisha ni Twesigye Jackson Kaguri, mtoto wa kijiji cha Nyakagyezi. Mwaka 1996 UKIMWI, au silimu kama tunavyouita Uganda, ulimuua kaka yake, akaacha watoto watatu. Mwaka uliofuata ukamuua dada yake, naye akaacha mtoto wa kiume. Kaguri aliishi Marekani na alikuwa amejiwekea dola 5,000 za kuanzia kununua nyumba. Mwaka 2001 akaamua pesa hizo zijenge shule kijijini kwao, na mwaka 2003 watoto wakaanza masomo. Wafadhili wa Marekani walikuja baadaye, na sitaki kuwapunja: bila wao isingefika ilipofika. Ila waliikuta safari imeshaanza.

"Karo ilishafutwa 1997, shule ya yatima ya nini?"

Hili ndilo nalisikia zaidi, na husemwa na watu waliosoma. Ni kweli, UPE, yaani mpango wa serikali wa elimu ya msingi bure, ilianza Januari 1997, na kwa kuanzia serikali iliwalipia watoto wanne wa kila familia. Sasa mchukue bibi wa milima ya Kigezi, eneo la Kanungu, aliyezika wanawe, akabaki na wajukuu sita au saba. Wanne ni wepi? Na hao wanne wenyewe, yunifomu nani ashone? Madaftari na kalamu je? Mchana wenzao wakila posho, yaani ugali, na maharagwe, wao wale nini? Mtoto wa namna hiyo huandikishwa muhula wa kwanza, na mvua zikianza unamkuta shambani na jembe. Nyaka ilitoa masomo, yunifomu, vitabu na chakula bure. Ukiniuliza mimi, sufuria ya jikoni ilibakiza watoto darasani kuliko hotuba yoyote ya elimu bure.

"Yatima wanalelewa hukohuko shuleni."

Jioni mtoto wa shule ya msingi anarudi nyumbani kwa mukaaka, yaani bibi yake. Anateka maji, anamenya viazi vitamu, anapuliza moto kwenye mafiga huku bibi akichambua maharagwe. Familia haikufa pamoja na wazazi. Ndiyo maana mradi ulipanuka ukawafikia mabibi wenyewe: vikundi vyao, mikopo midogo, nyumba zisizovuja, vyoo. Wafadhili hupenda picha ya mtoto mwenye yunifomu mpya. Mwanamke mzee aliyemwogesha asubuhi hayumo pichani.

"Yatima wa silimu wote wana virusi."

Uongo huu umewaumiza watoto wengi. Hata bila dawa yoyote, mama mwenye virusi humwambukiza mtoto wake katika hali 15 hadi 45 kati ya 100, ukijumlisha mimba, kujifungua na kunyonyesha. Maana yake zaidi ya nusu hawaambukizwi. Na aliyeambukizwa hamwambukizi jirani yake kwa kukaa dawati moja wala kunywea kikombe kimoja cha uji wa mtama.

"Ni shule ya ukoo wa Kaguri."

Shule inabeba jina la kijiji, na tangu mwanzo ilipokea yatima wa watu wengine. Baadaye ikafuata ya pili, Kutamba.

"Shule za msaada zina mtihani wao mwepesi."

Hapana. Mtoto wa P.7, darasa la saba, wa Nyaka anakalia PLE ileile, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wa UNEB, baraza la mitihani la taifa: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Karatasi anayopewa ndiyo anayopewa mtoto wa shule ghali ya Kampala.